Buti za Shangazi: Namna ya Kuitunza Ngozi ya Kondoo Yenye Sufu



Mwezi wa Julai uliopita tulisafiri kutoka Mombasa kwenda kuwazuru jamaa zetu wa Ruiru na Thika. Sisi watu wa pwani hudhani twaijua baridi kwa kuwa twakijua kipupwe. Lakini kipupwe cha kwetu ni upepo mtamu wa baharini, na kipupwe cha huko huingia mifupani. Thika iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ruiru haiko chini ya hapo. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huilalia miji hiyo tangu alfajiri mpaka karibu na adhuhuri, manyunyu huanguka pasi na mvua yenyewe kunyesha, na sakafu ya saruji huwa baridi kama jiwe la kisimani.

Huko Ruiru yuko shangazi yetu, aliyezidi miaka sabini, mzaliwa wa Mji wa Kale. Ni mwaka wa tatu sasa anaishi kwa bintiye, kwa kuwa ana maradhi ya sukari na hapana tena wa kumwangalia Mombasa. Miguu yake imepungua hisia, na baridi ya sakafu ilikuwa ikimtaabisha hasa anapoamka kwa ajili ya swala ya alfajiri. Mwanawe afanyaye kazi Uingereza, ambaye hajajaaliwa kurudi nyumbani kwa miaka sita, alimpelekea kwa mkono wa msafiri jozi moja ya buti za ngozi ya kondoo. Nje zilikuwa laini mithili ya mahameli, rangi ya tende; ndani zilijaa sufu nyeupe nzito. Shangazi alizipenda mno. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa na kuambiwa, "Mwanangu amenifunika miguu."

Siku tuliyofika, buti hazikuwa miguuni mwake. Zilikuwa zimewekwa juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni, zimekunjamana na kukakamaa kama makopa ya muhogo. Mjukuu wake, binti wa Kidato cha Pili, alikuwa ameziona zimechafuka kwa udongo mwekundu wa Ruiru, akataka kumfurahisha bibi yake. Akazitia katika beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, akazisugua kwa brashi ya kufulia, akazikamua, kisha akaziegemeza kando ya jiko la makaa ili zikauke kabla ya kulala. Asubuhi zilikuwa ngumu na fupi, na sufu ya ndani imegandana mabonge mabonge.

Binti alilia sana. Shangazi hakutamka neno la ukali, alisema tu, "Ulikusudia wema, mjukuu wangu, na Mungu ameiona nia yako." Lakini usiku ule tulimwona amevaa soksi jozi mbili, miguu ameikunja chini ya leso.

Baada ya Isha, tulipobaki naye peke yetu, alituuliza jambo ambalo lilikuwa likimkera moyoni kwa muda mrefu. "Mwanangu, wewe umesoma. Yale manyoya ya ndani yalikuwa tohara? Nimeyavaa miezi minane, na sijui kondoo yule alichinjwa na nani."

Basi maswali yakawa mawili: moja la utunzaji na moja la tohara. Tumeona ni vyema kuyajibu yote mawili hapa, kwa kuwa viatu vya namna hii vimeingia katika nyumba zetu nyingi. Mabinti na vijana wetu wanaosoma Juja na Thika huvinunua katika mitumba, na jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani huwaletea wazazi wao kama hidaya. Navyo huharibiwa, si kwa uzembe, bali kwa bidii isiyo na maarifa.

Kwa nini ziliharibika

Thika ni mji wa viwanda tangu zamani, na miongoni mwa viwanda vyake kimo kile cha Leather Industries of Kenya, kinachotengeneza ngozi. Kwa hiyo tulipouliza wenyeji ni nani awezaye kutueleza habari ya ngozi, hatukukosa mtu. Tulipelekwa kwa mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo ujana wake wote. Akazipokea buti, akazikunja, akazinusa, akaingiza vidole ndani. Kisha akasema, "Sheikh, hizi hazikufuliwa. Hizi zimepikwa."

Akatufafanulia kwa subira. Ngozi ya mnyama ni nyuzi za protini zilizosukana. Ikiachwa kama ilivyochunwa, huoza; ikianikwa tu, hukauka ikawa ngumu kama ngoma. Kazi ya kudabighi, yaani kuitengeneza ngozi mpaka ikafaa kutumiwa, ni kuzizuia nyuzi hizo zisioze na zisigandamane. Kwanza ngozi hutiwa chumvi ili isiharibike. Ngozi za viatu vya kawaida hutiwa chokaa ili nywele zitoke. Lakini ngozi inayotakiwa kubaki na sufu yake haitiwi chokaa. Hulowekwa katika maji ya chumvi na asidi, kisha hutiwa dawa yenyewe ya kudabighi, ambayo aghalabu ni chumvi ya madini ya kromi. Baadaye hutiwa mafuta yakapenya baina ya nyuzi, na mwisho upande wa nyama husuguliwa hata ukawa laini. Katika buti hizi, upande huo wa nyama ndio unaogeuzwa nje, na sufu ikabaki ndani kuukumbatia mguu.

Akilijua hayo msomaji, ataona mara moja makosa manne yaliyofanyika katika usiku mmoja.

La kwanza ni maji ya moto. Ngozi mbichi iliyorowa huanza kujikunja inapofikia nyuzi joto 60 hadi 65 hivi za Selsiasi. Kudabighi huiongezea ngozi uwezo wa kustahimili joto, lakini hakuiondolei udhaifu wake, na sufu haikuongezewa kitu.

La pili ni sabuni ya unga. Sabuni ile imeundwa ili iondoe mafuta, nayo haijui tofauti baina ya mafuta ya mchuzi na mafuta yaliyotiwa ndani ya ngozi kuilainisha. Zaidi ya hayo, nyingi ya sabuni hizo zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, kama vile damu na maziwa. Na ngozi ni protini, na sufu ni protini.

La tatu ni kusugua. Kila uzi wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, mithili ya magamba ya samaki. Yakikutana maji ya moto, sabuni na msuguano, magamba hushikana na hayaachani tena. Hivyo ndivyo sufu huwa mabonge.

La nne ni jiko. Joto la makaa hukausha upande mmoja kwa haraka, likaitoa ngozi unyevu wake wote pamoja na ulaini uliosalia.

Wala tusimlaumu binti yule. Kondoo tuwajuao sisi, wale wenye kichwa cheusi wa pwani na kaskazini, wana nywele fupi tu. Kondoo wa sufu hufugwa katika nyanda za baridi kama Molo na Nyandarua. Mama zetu hawakuwa na sufu nyumbani, basi wangeturithisha vipi elimu ya kuitunza? Walitufunza kufua pamba, na pamba hupenda yale yale yanayoiua sufu.

Utunzaji wa kila siku

Kanuni ya kwanza ambayo mzee yule alitusisitizia ni hii: buti za namna hii hazifuliwi mara kwa mara. Kusafishwa kwa maji mara moja au mbili kwa mwaka kwatosha, endapo zitatunzwa kila siku.

Zikivuliwa, zipigwe brashi laini nje, kwa kufuata upande mmoja, ili vumbi litoke kabla halijazama. Kisha ziachwe wima mahali penye hewa, zipumzike. Aliye na uwezo asizivae siku mbili mfululizo, kwani sufu hufyonza jasho jingi pasi na mguu kuhisi, na jasho hilo lahitaji muda wa kutoka.

Udongo mwekundu wa Ruiru na Thika ni jaribio kubwa. Tope likishika kwenye ngozi, nafsi hushawishika kulifuta pale pale kwa kitambaa cha maji. Kufanya hivyo ni kuipaka ngozi rangi. Liache tope likauke kabisa, hata kama ni mpaka kesho yake. Kisha ligonge taratibu lidondoke, na masalia yake yaondolewe kwa brashi kavu. Sehemu kubwa itatoka bila tone la maji.

Likidondoka doa la mafuta, tuseme samli au mchuzi wa nazi, usilisugue. Linyunyizie wanga wa mahindi au poda, uuache usiku kucha ufyonze mafuta, kisha upige brashi asubuhi. Rudia ikibidi.

Mvua ikizipata, zifute kwa taulo kavu, zijaze karatasi nyeupe au vitambaa safi ndani ili zisipoteze umbo, na uziache zikauke kivulini. Gazeti lisiingizwe ndani, kwa sababu wino wake huhamia kwenye sufu nyeupe. Ipo pia dawa ya kunyunyiza inayozuia maji kupenya, nayo huuzwa kwa wauza viatu. Hutiwa kwenye buti safi na kavu, mahali penye hewa, mbali na watoto. Hata hivyo dawa hiyo ni kinga ya manyunyu tu. Buti hizi hazikuundwa kwa ajili ya madimbwi.

Zinapostahili kuoshwa

Ikifika siku ya kuziosha, chagua siku ya kiangazi yenye upepo, wala si siku ya mawingu ya Julai, kwani kukauka kwake huchukua siku mbili au zaidi. Kisha fuata taratibu hizi.

Kwanza, zipige brashi kavu mpaka vumbi liishe. Pili, tayarisha maji baridi katika bakuli, na sabuni isiyo kali. Sabuni ya maji ya kufulia sufu, au shampuu ya kuoshea nywele za mtoto, yafaa. Yakoroge mpaka yatoe povu. Tatu, chukua sifongo iliyokamuliwa, uipanguse buti yote sawasawa kwa maji matupu, kutoka juu hadi chini. Hatua hii wengi huiruka. Lakini ngozi ikirowa sehemu moja tu, ikikauka itaacha duara la doa penye mpaka wa maji. Nne, chota povu peke yake kwa sifongo, uipake ngozi kwa mizunguko midogo, bila kutumia nguvu. Tano, iondoe sabuni kwa sifongo safi yenye maji baridi, mara mbili au tatu. Buti isizamishwe katika beseni wala isikamuliwe.

Ndani nako hufanywa vivyo hivyo: kitambaa chenye povu kidogo kinapitishwa juu ya sufu, kisha kitambaa chenye maji safi, kisha taulo kavu la kugandamiza unyevu. Usisugue, gandamiza tu.

Baada ya hapo zijaze karatasi nyeupe, ubadilishe karatasi hizo zinaporowa, na uziweke kivulini penye upepo. Zisiwekwe juani, wala kando ya jiko, wala zisipulizwe kwa kikaushio cha nywele. Zikikauka, pitisha brashi laini nje ili ulaini uinuke tena, na uichambue sufu kwa vidole au kwa chanuo la meno mapana.

Jambo moja ni haramu kwa buti hizi, tukilitumia neno hilo kwa maana ya mafundi: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Akina mama wengi huiamini kwa kila kitu. Kwa sufu ni sumu. Huifanya iwe ya manjano, kisha huilainisha mpaka ikakatika, na ikizidi huiyeyusha.

Harufu, udi, nondo na koga

Buti zikitoa harufu, nyunyiza ndani vijiko viwili vya soda ya kuokea mikate, uache usiku mmoja, kisha uzikung'ute vizuri. Isichanganywe na magadi ya kupikia maharage, ambayo ni makali zaidi kwa sufu na ngozi.

Wapo dada zetu watakaosema, "Sisi twafukiza udi, harufu yaisha." Kufukiza nguo ni ada njema ya nyumba zetu, nasi hatuikatazi. Lakini buti isiwekwe juu ya chetezo. Joto la kaa huidhuru ngozi hata kama moto hauonekani, na moshi ukizidi huipaka sufu nyeupe rangi isiyotoka. Fukiza chumba, na buti zitapata sehemu yake. Tena tukumbuke kwamba udi huifunika harufu, hauiondoi. Harufu ni unyevu uliokaa. Dawa yake ni hewa.

Msimu wa baridi ukiisha, usizihifadhi zikiwa chafu. Viwavi vya nondo hula sufu, na huipenda zaidi iliyo na jasho. Zisafishe, zikauke barabara, kisha zitie katika mfuko wa kitambaa. Karafuu chache zilizofungwa katika kitambaa husaidia kuwafukuza wadudu, na hasa kukagua mfuko huo kila mwezi. Tembe nyeupe za nafthalini hutumiwa sana, lakini ni sumu kwa mtoto akizimeza. Tena watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni wengi katika jamii za pwani, wanaweza kudhurika damu kwa kuvishwa nguo zilizohifadhiwa na tembe hizo. Zisitumike katika nyumba yenye mtoto mchanga.

Na yule atakayerudi nazo pwani ajue kwamba adui yake huku ni koga. Mfuko wa plastiki katika hewa yetu yenye unyevu huzaa koga kwa muda mfupi. Ikiota, ipige brashi nje ya nyumba, upanguse kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kisha uziache zipigwe upepo kivulini.

Swali la Shangazi

Sasa tulirudie swali la tohara, ambalo lilimsumbua Shangazi zaidi ya baridi yenyewe.

Ngozi ya mnyama anayeliwa, akichinjwa na Mwislamu kisheria, ni tohara yeye na sufu yake, na hapana mjadala. Kadhalika akichinjwa na Ahlul-Kitab kwa machinjo yanayokubalika. Ama akiwa mzoga, yaani hakuchinjwa kisheria, tunayo habari mashuhuri aliyoipokea Ibn Abbas (r.a.) kuhusu kondoo aliyekufa katika nyumba ya Bi Maimuna (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliuliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidabighi na kunufaika nayo, na walipomwambia kuwa ni mzoga, akawabainishia kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Kwa hiyo katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, ngozi hutwaharika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe.

Suala gumu kidogo ni sufu. Kauli inayotegemewa kwetu ni kuwa unywele wa mzoga hautwahariki kwa kudabighi, ila uchache wake husamehewa. Ipo kauli nyingine ndani ya madhehebu yetu, aliyoichagua Imam as-Subki, kuwa unywele huifuata ngozi yake. Nao wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameiona sufu kuwa tohara hata ikiwa ni ya mzoga. Rehema iko katika wasaa huo.

Zaidi ya hayo, tusianze na dhana mbaya. Ngozi hizi ni masalia ya kondoo waliochinjwa kwa ajili ya nyama. New Zealand, kwa mfano, ni miongoni mwa nchi zinazouza nyama ya kondoo kwa wingi duniani, na sehemu kubwa ya kondoo wake huchinjwa kwa taratibu za Kiislamu kwa sababu ya masoko yake. Asili ya vitu ni tohara, na yakini haiondolewi kwa shaka. Tulimwambia Shangazi hivyo: swala zake za miezi minane hazina wasiwasi, tena alikuwa akizivua kila anapopanda juu ya mswala, na kikavu hakimnajisi kikavu.

Akatuuliza, "Na nikitoka kutawadha, miguu ina maji?" Hapo tukatabasamu, kwa sababu jibu la fakihi na jibu la mzee wa Thika lilikuwa moja: kausha miguu kwanza. Mwenye wasiwasi wa tohara atasalimika, kwa kuwa unyevu ndio unaohamisha najisi. Na mwenye buti atasalimika, kwa kuwa miguu yenye maji mara tano kwa siku ndiyo inayoiozesha ngozi kutoka ndani na kuzaa harufu. Na mgonjwa wa sukari atasalimika kuliko wote, kwa kuwa unyevu baina ya vidole huleta fangasi na vidonda. Taulo dogo likiwekwa mlangoni mwa msala, mambo matatu yamekwisha.

Kwa jamaa wa mgonjwa kama huyo twaongeza haya: mguu usiohisi hauwezi kutoa habari. Tia mkono ndani ya buti kila asubuhi kabla hajazivaa, usije ukawa umo msumari au kijiwe. Mkague nyayo kila usiku. Wala asiiote miguu yake kwenye jiko, kwani ataungua pasi na kujua.

Unaponunua mitumba

Aendaye sokoni aitenganishe sufu kwa vidole na kuitazama shina lake. Ya kweli imeota katika ngozi. Ya bandia imefumwa juu ya kitambaa. Mwombe muuzaji unyuzi mmoja uuchome: sufu hunuka kama unywele uliounguzwa na huwa majivu, ilhali nailoni huyeyuka ikawa tone gumu. Tazama pia vipande vya ngozi laini vilivyotiwa ndani ya viatu vya aina nyingine. Ngozi ya nguruwe hutambulikana kwa vitundu vya nywele vilivyokaa vitatu vitatu. Ukiona hivyo, kiache.

Kilichobaki

Tulimuuliza mzee wa Thika kama buti za Shangazi zingeweza kurudi kama zilivyokuwa. Akatikisa kichwa. Kilichopikwa hakirudi kibichi. Lakini akazigeuza tena, akatuonyesha kwamba zile shingo za juu, zilizokuwa mbali na makaa, zilikuwa bado na ulaini, na sufu yake haikugandana yote. Akachukua wembe wa kazi yake, akazikata shingo zile, akazipasua na kuzinyoosha juu ya meza. Akachora nyayo mbili kwa chaki.

Tulirudi Ruiru jioni tukiwa na soli mbili za ndani, sufu ikitazama juu. Tulimkabidhi binti, wala si Shangazi. Alikaa sakafuni, akazitia katika viatu vya bibi yake vya kufungika vya nyumbani, akapitisha mkono ndani kuhakikisha hapana ukingo utakaomchubua. Kisha akaleta taulo, akamkausha bibi yake miguu, kidole kimoja kimoja, akamvisha.

Shangazi alisimama, akatembea hatua tatu hadi dirishani. "Mwanangu wa Uingereza bado amenifunika miguu," akasema, "na mjukuu wangu amenishonea."

Siku ya pili binti alituomba tumwandikie kwenye karatasi mambo yote aliyoyasema mzee wa Thika, ili aibandike jikoni. Karatasi hiyo ndiyo mliyoisoma.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape afya wazee wetu walioko katika miji ya baridi, awarejeshe salama watoto walioko mbali, na aijaalie kila nia njema ikutane na maarifa yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.